Mama Karani, Aliyetaka Mtoto Aulizwe Kwanza

Jumapili, tarehe 31 Agosti 2025, Bibi Kristina Laurenti, katibu muhtasi wa Shule ya Sekondari Mkongeni, anatimiza miaka sitini ya umri na kustaafu utumishi wa umma. Aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 3 Aprili 1989. Ametumikia miaka thelathini na sita, miezi minne na siku ishirini na nane. Hesabu hiyo kaipiga mwenyewe, maana hapa shuleni hakuna aliyethubutu kumpigia.

Tunamuaga leo Alhamisi, na siku hii haikuja hivihivi. Kamati ya maandalizi ilipokaa, mmoja alisema tufanye Ijumaa, tukamwambia Ijumaa watu wanakwenda msikitini. Mwingine akasema Jumamosi. Hapo kikao kizima kilicheka, hata Mwalimu Miraji, kwa sababu utakazozisoma huko mbele. Jumapili mstaafu mwenyewe yuko kwaya. Ikabaki Alhamisi, siku isiyo na mwenyewe.

Ninayeandika ni Mwatumu Zubeiri, mhudumu wa ofisi. Nimepika chai ya ofisi hii na kubeba majalada yake kwa miaka kumi na tisa. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na walimu wenye digrii wapo tele, lakini Bibi Kristina alipoulizwa nani amwandikie wasifu alinitaja mimi. Alisema Mwatumu ataandika alichokiona. Basi nimeandika nilichokiona. Yale yanayomhusu Mwalimu Wilfred, aliyekuwa mkuu wetu wa shule, nimemsomea kwenye simu neno kwa neno. Akasema, "Andika hivyo hivyo, dada. Usilainishe."

Bibi Kristina alizaliwa mwaka 1965 katika kambi ya mkonge njia ya Muheza, mtoto wa nne wa mzee Laurenti, ambaye alitoka Songea akiwa kijana kuja kukata mkonge na hakurudi tena. Alisoma mpaka kidato cha nne, akafundishwa kupiga chapa na masista wa parokia, akapata kazi hapa Mkongeni wakati shule ina madarasa manne na choo kimoja. Ofisi ilikuwa na mashine moja ya chapa na mashine moja ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, iliyokuwa ikimpaka wino mpaka kwenye nyusi. Wanafunzi wa wakati huo wanasema ukitaka kujua mtihani umekaribia ulikuwa huangalii kalenda, unaangalia nyusi za Mama Karani.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa aliifunika kanga wiki mbili nzima bila kuigusa. Alisema iachwe kwanza izoee joto la Tanga. Wiki ya tatu aliiwasha, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa anawafundisha walimu. Ile mashine ya chapa hakuiacha itupwe. Mwaka ambao umeme ulikatika siku tatu kabla ya mtihani wa majaribio, aliitoa uvunguni, akaipuliza vumbi, akachapa mitihani ya masomo tisa, na watoto wakafanya mtihani kwa siku ileile iliyopangwa.

Kila asubuhi ametoka Ngamiani kwa baiskeli. Wakati wa masika akifika viatu viko mkononi na barua za serikali ziko kifuani ndani ya mfuko wa nailoni. Walimu vijana wenye pikipiki wamechelewa, yeye hakuchelewa. Ukikutana naye sokoni, hata kama ulimaliza mwaka 1997, atakutajia jina lako, la baba yako, na somo ulilofeli.

Na nisiache habari ya paka. Kuna paka wa jikoni aliyezaa watoto wanne ndani ya droo ya Barua Zilizoingia. Bibi Kristina alikataza droo ile isifunguliwe mpaka watoto wafumbue macho. Alikuja mkaguzi akaomba jalada lililokuwa mle, akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba jalada liko kwenye matumizi. Hakusema ni matumizi ya nani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila mtu hapa atalikumbuka kuliko mengine yote, nalo ni Karatasi ya Kauli.

Miezi mitatu tu baada ya kuajiriwa, mwaka ule wa 1989, ilipotea karabai ya maktaba, ile taa ya mafuta ya kupampu. Akashukiwa mwanafunzi wa kidato cha pili aitwaye Sabiri, mtu wa Moa, aliyekuwa akikaa hapa kwa shangazi yake. Aliamriwa aondoke. Barua ya kumfukuza aliichapa Bibi Kristina, msichana wa miaka ishirini na tatu, anayeogopa hata kukohoa ofisini. Sabiri aliipokea kwa mikono miwili, akasema shikamoo kwa kila aliyekuwepo, akaenda zake. Wiki tisa baadaye karabai ilionekana kwa fundi mjini. Alipelekewa na mwalimu ili aitengeneze, na mwalimu akahamishwa kabla ya kumwambia mtu. Ilichapwa barua nyingine ya kumrudisha kijana, lakini shangazi alisema keshakwenda baharini na baba yake na shule hataki kuisikia.

Bibi Kristina alinisimulia habari hii mwaka wangu wa kwanza kazini, tukiwa tunapanga majalada. Alisema kilichomkaa rohoni si kwamba walikosea, kwani binadamu hukosea. Ni kwamba katika siku zote zile hakuna hata mmoja aliyemwuliza yule mtoto, "Wewe unasemaje?"

Tangu hapo akaanzisha utaratibu wake, bila waraka wala idhini. Mwanafunzi yeyote aliyeletwa ofisini kwa kosa lolote alikalishwa kwenye benchi la dirishani, akapewa karatasi ya mistari na kalamu, akaambiwa aandike kwa mkono wake jambo lilivyokuwa. Karatasi ile ndiyo iliyokaa juu kabisa kwenye jalada, na mkuu wa shule hakuweza kufika kwenye karatasi nyingine bila kuipitia. Walimu wapya walikasirika. Mmoja alimwuliza, "Mama Karani, hii ni shule au mahakama?" Akamjibu, "Mahakamani angekuwa na wakili, mwanangu. Hapa ana kalamu tu, na hiyo nayo nimemwazima."

Katika droo ya juu kulia aliweka vitu vitatu: rozari, dawa ya kichwa, na Katiba ya nchi, amekivika kile kitabu jalada la karatasi ya kalenda. Mimi ibara mbili nilizonazo kichwani nimezipata kwenye droo hiyo. Ya kumi na tatu, kwamba mtu jambo lake likiamuliwa na mahakama au chombo kingine, apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Na ya kumi na tisa, kwamba kila mtu ana uhuru wa imani yake. Alipenda sana yale maneno ya chombo kingine. Alisema watu wanadhani Katiba inakaa mahakamani na bungeni, kumbe bodi ya shule nayo ni chombo, na ofisi hii yenye paka pia ni chombo.

Basi, mwanamke huyo mwenye utaratibu wa miaka thelathini na mitano, mwaka jana akauvunja mwenyewe. Amenisisitiza niliandike hili. Nilitaka kuliruka, akanirudishia karatasi.

Mwaka 2024 shule yetu ilikuwa imeshika mkia wilayani kwa mwaka wa pili mfululizo. Mwalimu Wilfred alikuwa mtu wa bidii, asiyelala kwa raha, na alitaka kuitoa shule kwenye aibu. Mkutano wa wazazi ukakubali kidato cha nne wasome na Jumamosi. Wengi tulishangilia. Lakini alikuwepo binti mmoja, Blessing, ambaye jamaa zake ni Wasabato. Jumamosi kwao ni siku ya ibada, hawafanyi kazi wala masomo. Baba yake ni Hosea, fundi baiskeli wa Ngamiani, mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mteja anayebisha. Alikuja mara mbili kuomba binti asome siku nyingine. Aliambiwa hakuna shule ya mtu mmoja.

Mungu anisamehe, hata mimi nilikuwa upande huo. Nilisema ofisini kwamba mtoto huyu anajiona na dini yake, wenzake mbona wanakuja? Bibi Kristina hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Mwatumu mdogo wangu, Ijumaa saa sita na nusu huwa uko wapi?" Nikaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Mwalimu Miraji, mwalimu wa taaluma, akawa anaandika mahudhurio ya Jumamosi. Kila Jumamosi Blessing aliandikiwa hayupo. Mpaka mwisho wa Julai zilikuwa zimefika Jumamosi ishirini, na shule ikamwita mtoro sugu. Ijumaa ya tarehe 9 Agosti, siku moja baada ya Nane Nane, Mwalimu Wilfred alimwagiza Bibi Kristina achape barua ya kumfukuza shule. Bodi ilikuwa ikutane Jumanne ya tarehe 13. Mkuu alisema Bodi haiwezi kukataa, barua iwe tayari ili Jumanne isipotee siku. Bibi Kristina alikuwa na orodha za mtihani wa taifa za kumalizia, mgongo unamuuma, na amebakiza mwaka mmoja. Alichapa. Akaweka tarehe ya siku ile, 9 Agosti, kwa mazoea ya mkono. Karatasi ya Kauli hakuitoa.

Jumanne Bodi ilikaa kuanzia saa nane mchana. Blessing na baba yake walisimama barazani, chini ya dirisha, mpaka saa kumi na moja. Niliwapelekea maji. Binti aliniuliza, "Mama Mwatumu, wataniita saa ngapi?" Nikamwambia atulie, ataitwa tu. Hakuitwa. Waliitwa kupokea barua. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba, na mwanafunzi aliyefutwa kwenye orodha ya shule hana chumba cha mtihani cha kuingia. Miaka minne ya mtoto ilikuwa kwenye bahasha moja ya kaki.

Kesho yake asubuhi baiskeli ya Bibi Kristina ilikata cheni pale Ngamiani, hatua chache kutoka kwa Hosea. Angeweza kuisukuma mpaka kwa fundi mwingine, na anakiri kwamba alifikiria kufanya hivyo. Lakini Hosea alikuwa amekwisha kumwona. Alikuja, akaipokea baiskeli, akasema, "Shikamoo, Mama Karani." Akaifunga cheni, akajaza upepo matairi yote mawili, akakaza breki ambazo hakuombwa kuzikaza. Hakusema neno la barua. Binti alikuwa amekaa ndani ya kibanda akifungua skrubu, na sare ya shule ilikuwa imetundikwa ukutani, imepigwa pasi. Bibi Kristina anasema ile shikamoo ilimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma, kwa sababu alikwisha kuisikia mara moja kabla, mwaka 1989.

Alifika kazini, akakaa kwenye benchi la dirishani, lile la watoto. Akachukua karatasi ya mistari na kalamu. Akaandika kauli yake mwenyewe: kwamba barua ya tarehe 9 aliichapa yeye, kwamba kikao kilikuwa tarehe 13, na kwamba mwanafunzi hakusikilizwa kabla ya kikao wala ndani yake. Akatia sahihi. Hakuipeleka kwa siri. Alikwenda nayo kwanza kwa Mwalimu Wilfred, akaiweka mezani kwake.

Ukuta wa ofisi ni mwembamba na mimi masikio ninayo. Mkuu alimwambia, "Dada Kristina, umebakiza mwaka mmoja. Kaburi hili unajichimbia la nini?" Akajibu kwamba hachimbi kitu, anafukua. Mkuu akamwambia wakitafuta wa kumlaumu watamchukua yeye, mchapaji, si Bodi. Akasema anajua. Nilisikia kiti kikisogea. Alipotoka aliniomba chai isiyo na sukari, na yeye hunywa chai ya vijiko vitatu.

Hosea alikata rufaa kwenye kamati ya rufaa ya mkoa, akisaidiwa na wakili wa msaada wa kisheria. Nakala ya kauli ile ikaambatanishwa. Siku chache baadaye Bibi Kristina alipokea barua ya kutakiwa ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu. Chumba cha walimu kiligawanyika. Wapo waliomwambia mama, sema ulipitiwa tarehe, kosa la uchapaji tu, jambo liishe. Neno moja hilo lingemwokoa yeye na lingemzamisha mtoto. Alisema hawezi, maana mkono haukupitiwa. Wakati ule barua ilikuwa imeandikwa kweli, na kikao kilikuwa hakijakaa kweli. Mwezi ule nilimwombea dua kila baada ya alfajiri. Yeye alikuwa akisali rozari jikoni kwangu wakati maji yanachemka, kwa hiyo chai ya ofisi ilipata baraka za pande zote mbili.

Rufaa ilisikilizwa Alhamisi, tarehe 12 Septemba. Nilikwenda kama mbeba majalada. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani, aliyesoma kila karatasi kwa kidole, alianza na daftari la mahudhurio. Daftari la serikali lina nafasi za Jumatatu mpaka Ijumaa. La kwetu lilikuwa na safu ya sita, kwa wino wa bluu. Mwenyekiti aliuliza safu hii imetoka wapi. Mwalimu Miraji akasimama, akasema, "Nimeichora mimi, mheshimiwa." Akaulizwa, "Kwa idhini ya nani?" Mwalimu, maskini, alikuwa amechanganyikiwa, akajibu, "Kwa rula, mheshimiwa." Chumba kizima kilicheka, na mwenyekiti alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Ndipo tukajua kwamba kwa hesabu ya daftari lenyewe, Jumatatu mpaka Ijumaa, Blessing hakukosa hata siku moja mwaka ule.

Kisha mwenyekiti akainua barua, akauliza kipi kilitangulia, barua au kikao. Mwalimu Wilfred alianza kusema kwamba kiutaratibu maandalizi ya awali hufanyika. Bibi Kristina alisimama bila kuitwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Akasema, "Barua ilitangulia, mheshimiwa. Niliichapa mimi, kwa akili zangu timamu. Huyu mtoto alihukumiwa Ijumaa na kesi yake ikaletwa Jumanne." Akakaa. Nikamshika mkono.

Mwenyekiti akamgeukia Blessing, akamwambia, "Haya mwanangu, wewe unasemaje?" Yule binti alisimama kama mtu aliyesubiri mlangoni muda mrefu hata mlango ukifunguliwa anasahau alichokuja kusema. Halafu akasema hakuwahi kukataa shule, na anaipenda shule yetu hata choo chake. Akasema atakuja Jumapili, atakuja jioni ya siku yoyote, akiambiwa afagie madarasa yote ili afidie atafagia. Ila Jumamosi si yake ya kutoa. Akamalizia kwa kumwomba radhi mkuu wa shule, kwa kuwa shule ikishika mkia yeye pia inamuuma. Niliona Mwalimu Wilfred akiinamisha kichwa. Ameniruhusu niandike kwamba siku ile ndipo alipomsikia binti huyu kwa mara ya kwanza, na alikuwa mwanafunzi wake kwa karibu miaka minne.

Tulisubiri nje kwa saa mbili nzima. Sijui kama nilivuta hata pumzi kumi. Walipotuita, mwenyekiti alisoma kwamba barua ile ni batili kwa kuwa mwanafunzi hakupewa nafasi ya kusikilizwa, kwamba arudi darasani kesho yake, kwamba jina lake lirudi kwenye orodha ya mtihani, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayeadhibiwa kwa kuishika siku yake ya ibada. Vipindi vya ziada vipangwe siku ambazo wote wanaweza kufika. Alhamdulillahi. Nilivua viatu palepale ukumbini, nikasujudu kwenye sakafu ya saruji. Nilipoinuka Bibi Kristina alikuwa anapiga ishara ya msalaba huku analia na kucheka. Hosea, yule mtu asiyepandisha sauti, alimwuliza kama cheni bado imekaza.

Jumanne na Jumatano jioni zikawa siku za vipindi vya ziada mpaka leo. Wasabato wanakuja, Waislamu wanakuja, na walimu wenye mashamba Jumamosi wamefurahi kuliko wote, ingawa hawasemi. Novemba Blessing aliingia chumba cha mtihani. Januari matokeo yalipotoka alikuwa amepata daraja la pili. Na shule yetu, enyi wenye kijicho, haikushika mkia. Sasa binti yuko kidato cha tano huko Lushoto. Leo hakupata ruhusa ya kuja, lakini baba yake yuko hapa, na ameiosha ile baiskeli mpaka mwenyewe hakuitambua.

Kesi ya Bibi Kristina ilichelewa zaidi. Miezi mitano tuliishi roho mkononi. Februari mwaka huu barua ilifika, nami ndiye niliyeipokea kwa mleta barua. Nilitamani kuifungua kwa mvuke wa birika, lakini nikajizuia. Aliisoma amesimama. Ilisema maelezo yake yamepokelewa, amekumbushwa kuzingatia taratibu za tarehe, na suala limefungwa. Hapakuwa na onyo, kushushwa cheo wala kukatwa chochote. Alikaa, akaomba chai, akasema, "Vijiko vitatu, Mwatumu. Vya kujaa." Halafu barua ile ile akaitoboa, akaipa namba, akaiweka kwenye jalada lake la utumishi ilipostahili kukaa, juu ya kauli yake mwenyewe.

Mwalimu Wilfred alihamia shule nyingine ya mkoa huu, na huko ameweka benchi dirishani na karatasi za mistari. Amefika leo, amekaa mstari wa pili, na ndiye aliyegharimia pilau, kwa hiyo mkishiba mjue ni nani wa kumshukuru.

Kuna safari moja ambayo Bibi Kristina hakumtangazia mtu. Desemba iliyopita alipanda bodaboda mpaka Moa, akamtafuta Sabiri. Alimkuta, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mvi kichwani, analima muhogo na ana wajukuu. Alikwenda kumwomba radhi. Sabiri alicheka sana, akasema yale yalikwisha kupita, maisha yamemwendea vizuri, akamkaribisha muhogo na nazi. Lakini walipokwisha kula akamwuliza kama anayo karatasi. Bibi Kristina hakosi karatasi. Yule mzee akaketi kwenye mkeka akaandika polepole, na karatasi yake sasa iko juu ya jalada la mwaka 1989. Amenionyesha. Ina sentensi mbili: "Sikuchukua karabai. Nimeulizwa mwaka 2024."

Hivyo ndivyo anavyoondoka, dada yetu. Anaacha makarani watatu aliowafundisha, majalada ya miaka thelathini na sita ambayo unaweza kuyafikia umefumba macho, na paka wa kizazi cha tano. Anaacha pia azimio la Bodi ya Shule, lililopitishwa mwezi Machi, kwamba hakuna shauri la mwanafunzi litakalofunguliwa bila Karatasi ya Kauli kuwa juu. Ilichukua miaka thelathini na mitano na miezi kadhaa utaratibu wa benchi kuwa utaratibu wa shule. Hakuharakisha.

Bibi Kristina, dada yangu, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali, kwa kicheko, na kwa siku ile uliyosimama bila kuitwa. Nenda kwenye michungwa yako ya Muheza ukapumzishe mgongo. Mungu akupe afya, akutunzie macho na magoti, akupe asubuhi zisizo na kengele. Kwaya ikuchoshe kwa furaha. Na ukipita njia hii, birika halijawahi kuwa mbali na moto.

Wasifu kama huu huishia hapa. Lakini wewe umetufundisha kwamba hakuna anayeondoka shule hii bila kuulizwa kwanza. Kwa hiyo sehemu ya chini ya ukurasa huu tumeiacha wazi katika kila nakala, na ile nakala yako ina kalamu imefungwa kwa uzi. Tumekuachia mistari minne tu, kwa sababu tunakujua.

Kauli ya Bibi Kristina Laurenti:

............................................................

............................................................

............................................................

............................................................